Busta ya Mulenda kwenye Bega la Gakiza

Jumatatu, 13 Juni 2022

Furaha na balaa siku moja! Korale yetu, Nuru ya Ubwari, imealikwa Lilongwe. Tamasha la kwaya, tarehe 24 Julai, ukumbi mkubwa upande wa Old Town. Kwaya kumi na moja, na kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ni sisi peke yetu. Wimbo wa kufunga tamasha ni wetu. Na solo ya wimbo huo ni ya nani? Ni yangu mi, Mulenda, fundi cherehani, mtu wa Fizi kule Kongo, baba ya watoto watano. Ile noti ya mwisho naishika mpaka hesabu ya kumi na mbili. Hakuna mwingine. Épitace anaishia kumi, tena ile ya kumi anaifikia macho yamemtoka.

Huyu Épitace Nahayo ni Mrundi, kinyozi, makamu wangu kwenye solo. Anasema hana tamaa ya solo. Anasema hivyo kila siku. Mtu asiye na tamaa hasemi kila siku.

Balaa sasa. Maestro Raphaël, mwalimu wetu wa korale, alitusomea barua ya mwaliko. Kila mwimbaji aje na kadi yake ya chanjo ya korona, na kwenye kadi iwe imeandikwa busta, ile sindano ya kuongezea nguvu. Kadi zitaangaliwa mlangoni. Asiye na busta atabaki nje, awe mwimbaji, awe msikilizaji.

Épitace akanyoosha mkono. Kwa upole, eti anauliza tu: kama mwenye solo hana busta, solo itaenda kwa nani? Nyoka huyu! Maestro akajibu itaenda kwa makamu.

Wacha niandike ukweli, maana daftari hili tunalisoma mi na Mungu. Naogopa sindano. Mwaka jana kwenye chanjo ya kwanza, ile ya mara moja, pale soko la Dowa, nilianguka kabla sindano haijanigusa. Nilianguka juu ya beseni la nyanya la mama mmoja, na wakanichoma nikiwa nimezimia. Nilimwambia mke wangu Annuarite kwamba ni jua. Siku ile kulikuwa na mvua.

Jumatano, 15 Juni

Jana nilikwenda kumuuliza nesi kama busta ya kunywa ipo. Nesi Tiyamike, Mmalawi, Kiswahili chake amejifunza hapa hapa kambini kwa kutuchoma. Alicheka. Ya kunywa hakuna.

Akanieleza bila mi kumuomba. Eti nguvu ya chanjo ya kwanza inapungua kadiri miezi inavyokwenda, njo maana wanaongeza. Busta haikuahidi kwamba hutakohoa. Unaweza kukamata korona na busta yako. Kazi yake kubwa ni ugonjwa usikuzidi, usilazwe, usitiwe mpira wa oksijeni puani, usizikwe. Kazi hiyo inaifanya vizuri, akasema, na wenye kuihitaji zaidi ni wale waliopita hamsini, wenye sukari, wenye presha. Akaniangalia tumbo. Akauliza nina miaka mingapi. Nikasema arobaini na nne. Nina hamsini na tatu, na presha ninayo.

Nilirudi nyumbani nimeshika jambo moja tu: kumbe unaweza kukohoa nayo! Sasa ya nini?

Na leo, nikiwa nakata suruali, wazo likanijia lenyewe. Kadi haina picha! Ina jina tu. Nesi anachoma watu mia kwa siku, sura zao haziangalii, anaangalia mabega. Na mabega yako mengi hapa kambini.

Bega la Gakiza, kwa mfano. Gakiza ni jirani yangu, anaendesha kabaza, anabeba watu kwa baiskeli kutoka hapa mpaka barabara kuu. Umri wetu mmoja. Busta yake alichoma mwezi wa pili, na wakati anachomwa alikuwa anamuuliza nesi bei ya mahindi. Mtu hana mishipa ya woga kabisa. Nikamweleza shida yangu. Akafikiri kidogo, akasema bei yake ni koti. Koti la heshima, vifungo sita. Nikamwambia vinne. Akasema basi nikachomwe mwenyewe.

Vifungo sita.

Alhamisi, 16 Juni

Imekwisha! Kadi ninayo. Mulenda, busta, tarehe ya leo, saini ya nesi. Nzuri mpaka nimeibusu.

Kikwazo kidogo tu. Nesi alimuuliza Gakiza kazi yake, na Gakiza, kwa kuwa leo yeye njo Mulenda, akasema fundi. Nesi akafurahi, akamtwika mzigo wake: aproni yenye mfuko uliochanika, naomba unishonee, zikomo, yaani asante. Basi Gakiza, mtu asiyeweza kutia uzi kwenye tundu la sindano, akarudi na kadi mkono mmoja na aproni mkono mwingine. Nimeishona mi. Kazi safi. Jioni akampelekea, akasifiwa. Kazi yangu, sifa zake! Nilikasirika kweli.

Nyumbani Annuarite akauliza nimechomwa mkono gani. Wa kulia, nikasema, na nikaushika, nikaguna. Baada ya kula nikajisahau, nikaguna nimeshika wa kushoto. Annuarite aliniangalia.  Miaka ishirini na sita ya ndoa nimejifunza kuogopa akinyamaza.

Ila habari njema. Mama Cécile, mama mkwe wangu, anakaa nyumba ya nyuma, ukuta wetu ni mmoja. Ana miaka sabini na miwili, sukari, na presha inayopita yangu. Kwetu mkwe haongei na mama mkwe uso kwa uso. Huli mbele yake, humtazami machoni, na mambo ya mwili ndiyo usiguse kabisa. Ukiwa na neno unampa mke wako analipeleka, au unalisema ukutani kama unasema na ukuta. Sasa leo Mama Cécile ametuma neno: alikuwa anaogopa busta, lakini kwa kuwa mkwe amechomwa na anakula vizuri, na yeye ataenda timu ya chanjo ikirudi, Alhamisi 21 Julai. Na mama wazee kumi na wawili wa kikundi chake cha maombi watamfuata.

Umeona? Mi ni mfano kwa jamii. Sijafanya chochote na tayari ni mfano.

Jumapili, 19 Juni

Baada ya ibada nilimwonyesha Épitace kadi. Niliigeuza mbele na nyuma taratibu ili asome vizuri. Yeye pia anayo yake, alichomwa mbele ya watu. Akanipongeza. Akasema alidhani naogopa sindano kwa sababu ya ile habari ya nyanya.

Nani alimwambia habari ya nyanya!

Jumapili, 10 Julai

Jumatano tuliimba sikukuu ya uhuru, Dowa. Korale nzima kwenye lori moja, vichwa vimebanana. Épitace alisimama nyuma yangu akikohoa kwenye shingo yangu kwenda na kurudi. Leo Maestro hakuja ibadani. Mama wawili wa sauti ya kwanza hawakuja. Mi nimeshika noti mpaka kumi na mbili, kanisa likapiga vigelegele. Koo linawasha kidogo. Ni vumbi la msimu wa baridi tu.

Jumatano, 13 Julai

Wamepimwa. Korona! Korale karibu nzima.

Wenye busta niliwatembelea kwa macho, yaani kwa kupita nje. Maestro Raphaël alilala siku mbili, leo anagombana na mke wake kwamba bugali haikuiva. Épitace alikohoa, akafunga kibanda siku moja, leo ananyoa watu na barakoa usoni. Gakiza, mwenye busta mbili mwilini, yake na yangu, alipiga chafya asubuhi moja. Mafua tu hayo. Wote wanaendelea na maisha.

Na mi nitaendelea. Nimejifukiza chini ya blanketi na majani ya mikaratusi, mara tatu. Homa bado. Nimejaribu noti. Nimefika saba.

Jumamosi, 16 Julai

 Niko Lilongwe, hospitalini. Mpira puani.

Jana nilishindwa kupanda ngazi mbili za mlango wangu mwenyewe. Mbili! Annuarite akapiga kelele. Gakiza akanifunga kwa kitenge mgongoni mwake kama mtoto, akanipakia kwenye baiskeli, akakanyaga mpaka barabara kuu. Njia nzima nilimkoholea shingoni. Huko tukapata gari.

Daktari akasoma kadi yangu. Akaisoma tena. Akauliza kama kweli ni yangu. Nikatikisa kichwa ndiyo, kwa sababu sauti haikuwepo. Akasema ni ajabu, mtu wa busta ya mwezi mmoja kushikwa hivi, hutokea lakini wachache. Akamwita daktari mwenzake. Wakaandika. Nimekuwa kesi! Wameniingiza kwenye ripoti, Mulenda aliyechomwa na bado akalala. Nilikuwa nimelala pale, pumzi inakuja kwa foleni, na bado nikafikiri: mawee, mi mtu mmoja nawatia madaktari wawili aibu kwa jambo ambalo halikutokea.

Noti? Sijaijaribu. Hata kuhesabu ninahesabu kimoyomoyo.

Jumatatu, 18 Julai

Kitanda cha pembeni alikuwa mzee mmoja wa Kanengo, mlinzi wa ghala. Hakuchanja hata ile ya kwanza, alisema shamba na kazi havikumpa nafasi. Jana asubuhi alinisalimia kwa kuinua vidole viwili. Leo kitanda kina shuka mpya. Nililia, na mpira puani kulia ni shida.

Mchana Annuarite akaja na uji na habari. Habari mbaya kuliko uji. Kambi nzima inasema jina langu. Kwenye bomba la maji, sokoni, kwa kinyozi. Wanasema hivi: angalieni Mulenda, amechoma busta, kadi tumeiona, ametuonyesha mwenyewe kanisani, na sasa anapumulia mashine. Basi busta ni maji matupu. Na Mama Cécile ametuma neno nipewe hapa kitandani: mkwe apone haraka, na hiyo Alhamisi yeye haendi. Wale mama kumi na wawili na bo pia hawaendi.



Huyu mama wakati tunakimbia Fizi alimbeba mtoto wetu wa kwanza mgongoni, siku tatu, na mi nilikuwa nimebeba cherehani. Tulipofika aliniambia kupitia kwa Annuarite kwamba nimefanya vizuri kubeba cherehani, tutakula kwa hiyo. Hakuna mtu aliyewahi kunitetea hivyo. Ninampenda yule mama kupita ninavyoweza kumwambia, na kumwambia hairuhusiwi. Sabini na miwili, sukari, presha. Kama ugonjwa huu umenifanya hivi mi, yeye utamfanyaje?

Lazima aende Alhamisi. Lazima. Na lazima nipate njia ambayo mi sitaonekana mjinga.

Jumanne, 19 Julai

Nimeruhusiwa kutoka. Ngazi mbili nimezipanda kwa kupumzika katikati.

Njia nimeipata! Nilikaa karibu na ukuta, nikamwambia Annuarite kwa sauti ya kusikika upande wa pili: tatizo si busta. Busta yenyewe ni nzuri. Tatizo ni ile chupa yangu mi, ninaikumbuka, ilikuwa imekaa juani. Iliharibika. Hizi za Alhamisi zitakuwa mpya.

 Halafu jibu likarudi kupitia ukuta, taratibu: kumbe wanachoma watu dawa zilizoharibika? Basi asante mkwe kwa kumwonya, na ile ya surua ya watoto pia ataisimamisha kwa wajukuu mpaka achunguze.

Ata! Ata! Sikusema hivyo!

Jioni mtaa mzima unajua kuhusu chupa ya juani. Nesi Tiyamike alikuja mwenyewe mpaka mlangoni. Hakuwa na hasira, na hiyo njo ilinimaliza. Sanduku lake la barafu halitoki mkononi mwake, akasema, analifungua mwenyewe na kulifunga mwenyewe, na sasa watu wanamwita muuaji. Aliniomba nimwambie niliiona chupa gani, wapi. Akaniangalia muda mrefu. Akasema ananikumbuka, fundi, nilimshonea aproni. Ila fundi yule alikuwa na masharubu.

Nikamwambia nimenyoa.

Jumatano, 20 Julai

Sijui nianzie wapi.

Jumatano jioni ni maombi, na kwetu mtu akitoka hospitalini hawezi kukaa kimya: anasimama mbele kutoa ushuhuda, na kanisa linamwimbia. Hakuna kukwepa. Nilijua. Nilijiandaa. Ningesema Mungu ni mwema, ningeshukuru wauguzi, halafu ningetaja ndugu mmoja, bila jina, aliyetumwa kuchomwa kwa niaba ya ndugu mwingine, bila jina. Watu wangeelewa kwamba busta ni nzuri, na hakuna ambaye angeumia.

Nikasimama. Mama Cécile alikuwa mbele, kwenye mkeka, na wale mama wote kumi na wawili. Gakiza alikaa mlangoni na koti lake jipya, vifungo sita, amevifunga vyote. Épitace alikuwa ameketi kando ya Maestro.

Nikaanza. Kuna ndugu mmoja, nikasema. Ndugu huyu alikuwa na bega. Kuna ndugu wa pili ambaye bega lake lilikuwa na shughuli nyingine. Pumzi ikakata. Nikarudia. Ndugu wa kwanza akapokea kitu cha ndugu wa pili. Watu wakaanza kutazamana. Mzee mmoja akauliza kama huu ni ushuhuda au ni kitendawili.

Hapo Mama Cécile akafanya jambo ambalo hajafanya miaka ishirini na sita. Aliniangalia usoni. Akanisemesha mi mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya kanisa.

"Mkwe, hiyo sindano iliingia kwenye mwili wa nani?"

Mlangoni Gakiza akashika vifungo vyake. Niliangalia chini, kama inavyotakiwa. Nilitafuta njia kwenye udongo. Haikuwepo.

"Wa Gakiza, mama."

Yesu! Kicheko kile! Walicheka mpaka ngoma ikaanguka. Annuarite peke yake hakucheka. Alikuwa ananiangalia mkono wa kulia, halafu wa kushoto.

Lakini Mama Cécile alinyoosha mkono wakanyamaza. Akamwambia Gakiza asimame, aeleze alivyougua. Gakiza akasema alipiga chafya asubuhi moja. Na nyumbani? Mke wake na yeye alikohoa, wana busta, walikula kama kawaida. Na mkwe alimkoholea? Njia nzima, akasema Gakiza, mpaka kola ililowa. Mama Cécile akatikisa kichwa. Akasema basi ameona alichotaka kuona: hawa bantu wawili wana umri mmoja, wamekaa na kikohozi kimoja, na yule mwenye sindano njo alikanyaga baiskeli, na yule asiye nayo njo alifungwa mgongoni. Kesho anaenda.

Kisha akarudisha macho yake chini, na hatujaongea tena.

Maestro amenivua solo mpaka niwe na busta yangu, kwenye mwili wangu. Tamasha lenyewe limesogezwa mpaka 18 Septemba, kwaya nyingi bado zinakohoa. Épitace alinishika bega akaniambia pole. Bega la kushoto. Alijua kabisa haliumi!

Alhamisi, 21 Julai

Walikwenda. Kumi na watatu, kwa mstari, na vitenge vya kikundi. Mama Cécile alikuwa wa kwanza. Niliangalia kutoka mbali. Hakufumba hata macho.

Nesi Tiyamike aliniita. Amewapigia Lilongwe, wamenitoa kwenye ripoti. Busta kwenye kadi yangu ameifuta kwa kalamu nyekundu. Gakiza amefokewa. Mi, kwa kuwa nimetoka kuugua, nisubiri nipone vizuri, nirudi Alhamisi ya kwanza ya Septemba. Nikaapa. Akasema zikomo, na nije bila masharubu.

Jumatatu, 22 Agosti

Siku nne mbaya. Mama Cécile alishikwa. Alipimwa Ijumaa: korona. Mi nilikaa nje kwenye ukuta wake siku nzima, nasikiliza. Kila akikohoa nilihesabu sekunde mpaka pumzi inayofuata. Nilimkumbuka yule mzee wa Kanengo na vidole vyake viwili. Sikushona. Sikula, na si kwa sababu ya heshima.

Jumamosi alikohoa. Jana kidogo. Leo alfajiri nikasikia twa, twa, twa. Mchi! Anatwanga sombe, majani ya muhogo! Sabini na miwili, sukari, presha, na anatwanga! Nililia kwa sauti. Ukuta ukaleta neno kupitia kwa Annuarite: mkwe anyamaze, mama anataka kusikia redio.

Nimepiga magoti hapa hapa kwenye udongo. Busta ilimkinga mama yetu. Nimeona kwa macho yangu, yaani kwa masikio yangu. Tarehe moja Septemba nitakwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, nitatoa bega langu. Nimeapa mbele ya Mungu na daftari hili. Mulenda wa zamani amekwisha.

Alhamisi, 1 Septemba

Leo asubuhi nimejaribu noti. Kumi na mbili! Imerudi yote! Maestro alisikia kutoka barabarani, akaingia, akasema solo ni yangu, nilete tu kadi.

Annuarite alinishika mkono mpaka kwenye foleni, akanipanga nafasi ya nne, akaenda zake sokoni kuuza ndagala, dagaa wetu. Sikutetemeka. Watu waniandikie hilo. Nafasi ya tatu sikutetemeka. Nafasi ya pili Nesi Tiyamike akafungua sanduku, akatoa ile kitu, akaiinua kwenye mwanga, tone likatoka kwenye ncha.

Nilikumbuka kwamba nilikuwa na haja ya choo.

Nyuma ya choo nikamkuta Épitace. Alikuwa amesimama tu, kama mtu anayesubiri gari. Hakunicheka. Alinipa maji. Akasema sindano si kitu cha kila mtu, na kwamba ana binamu Kanengo, Niyongabo, mnene kidogo kama mi, busta yake mwenyewe bado, haogopi chochote. Kadi yangu inaweza kwenda Lilongwe kesho na basi la asubuhi. Huko hakuna nesi anayenijua. Jumamosi kadi imerudi, imekamilika. Gharama yake ni ndogo: solo.

Nilifikiri sana. Dakika nzima.

Nimempa. Na wasidhani ni ujinga, nimelipima hili jambo. Kosa la mwezi wa sita nimelijua lilikuwa wapi. Lilikuwa kwenye mkono! Safari hii nimefunga uzi mwekundu kwenye kidole cha kushoto, ili nikumbuke mkono unaouma. Nimeguna jioni nzima, kushoto tu. Annuarite amelainika, amenikanda kwa maji ya moto. Na Mama Cécile amepitisha neno ukutani kwamba leo anajivunia mkwe wake, na ametuma sahani ya sombe yenye ndagala. Nimeila yote.

Épitace anadhani amenishinda. Maskini. Bila kadi ningebaki mlangoni. Sasa tarehe 18 nitaingia ukumbini na kadi yangu mkononi, nitakaa kiti cha mbele kabisa, na nitamsikiliza kwa raha zangu akiishia kumi.